Alichosema Juu ya Mnazi

Mimi ndiye niliyekuwa nikichana tikiti mlangoni Gulzar,
kwa hivyo niliyoyaona niliyaona nimesimama,
mgongo ukutani, kurunzi mkononi.

Kathiresan. Sisi Makupa tulimwita Katiri,
mtoto wa karani wa reli na Mama Valli,
yule aliyetugawia mikate yake myeupe ya mvuke
tukaenda kuichovya kwenye mchuzi wa pweza,
naye akijifanya hakuona.
Mwembamba, masikio kama vishikio vya sufuria.
Akianguka, alianguka kwa zamu:
kwanza goti, kisha kiwiko, kisha heshima.
Mwalimu alimchapa huku mwenyewe amebana kicheko.

Akapanda meli ya Madras na sanduku la bati.
Miaka kumi na tisa. Mamake hakulia bandarini,
alimgombeza tu:
unakwenda kwa watu na nywele hujachana!

Huko wakampa jina la Sindano
na kazi ya kupigwa makofi.
Filamu mia na kumi na nne
(hesabu ni yake, mimi siidhamini)
na hakuoa katika hata moja.
Shujaa akiimba na binti bustanini,
Katiri yuko nyuma ya kichaka, nyuki wamemwingia kaptulani.
Aliniandikia:
kucheka na kuchekwa, tofauti yake herufi moja,
na herufi hiyo ndiyo inayonilipia chumba.

Kisha ikaenda barua nyingine, ya msiba.
Meli ilichukua siku zake,
mkataba nao ukamshika mguu.
Aliyewasha moto ni mjomba.
Mimi nilibeba kuni.

Mwaka uliofuata Gulzar ilileta filamu ya Kitamil,
mara hiyo moja tu, usiku mmoja.
Kitamil nani anakijua? Hata Wagujarati waliguna.
Lakini Makupa ilihamia pale, na vigoda juu,
kumwangalia mtoto wao.

Katikati, mwenye nyumba anamkimbiza kwa kodi.
Katiri anaparamia mnazi, nguo inanasa,
ananing'inia kichwa chini.
Nilikuja kuambiwa baadaye:
mwelekezi alitaka pale maneno ya wazimu,
yoyote, mradi yasiwe lugha ya mtu.
Madras walivunjika mbavu.
Lugha gani hiyo, ya vyura?

Akatia makengeza, akatoa ulimi,
akasema kwa Kiswahili cha Makupa,
wazi kama kengele ya shule:

Mama, moto wako aliuwasha nani?
Mama, habari nilipata siku ya arubaini.
Mama, nywele nimechana.

Viti mia tatu.
Kicheko kilichokwisha kupanda kikakwama kooni.
Bi Zuwena, kule juu, akavuta buibui akaziba mdomo.
Mtoto mmoja mbele aliendelea kucheka, akafinywa.
Nazi ikamwangukia Katiri utosini,
akadondokea kidimbwini, bata wakatawanyika,
na hapakusikika ila mashine.
Shukri akachungulia katika tundu lake:
jamani, sauti imekatika?

Alirudi mzee, masika yakipiga mabati,
kwa dada yake Ganjoni,
goti moja limekufa kwa kuanguka kwa mshahara.
Tukakutana mbele ya Gulzar, ambayo sasa inauza magodoro.
"Ile ya mnazi," akasema, "ilifika hapa?"
"Ilifika."
"Wakafanyaje?"
Nikamwambia walicheka,
walicheka mpaka wakatokwa na machozi.
Akanitazama sana.
"Hilo la mwisho," akasema, "nakuamini."

Kisha akajikwaa kizingitini,
pale pale nilipokuwa nikisimama,
kwanza goti, kisha kiwiko,
akatua juu ya godoro la futi nne kwa sita,
nailoni ikalia chwaa.
Kijana wa duka alicheka hadi akashika kaunta.
Katiri, kutoka kule chini,
akapitisha vidole kichwani,
akazilaza zile nywele zilizobaki.